Upenyo wa Mtakatifu Bernardo

Mkitazama ramani ya Ulaya, mtaona kwamba kati ya nchi ya Uswisi na nchi ya Italia imesimama safu ya milima mirefu iitwayo Alpi. Milima hiyo ni kama ukuta uliojengwa kuwatenga watu wa kaskazini na watu wa kusini. Lakini hapa na pale, kati ya vilele viwili, ukuta huo umeinama, na hapo mtu aweza kupita. Mahali kama hapo huitwa upenyo, na aushikaye upenyo ameketi mlangoni pa nchi mbili.

Upenyo mmoja wenye sifa ni ule wa Mtakatifu Bernardo Mkubwa. Kimo chake toka usawa wa bahari ni mita 2,469. Si kitu mbele ya Kilimanjaro, lakini nchi ile ni ya baridi, na theluji huufunika miezi mingi ya mwaka. Warumi waliujua, wakajenga pale juu hekalu la mungu wao Jupita. Kisha katika karne ya 11, Bernardo, shemasi mkuu wa mji wa Aosta, alijenga nyumba ya kuwapokea wasafiri mahali pale pasipoota hata mti mmoja. Sababu yake ni kwamba wasafiri walikuwa wakifa. Theluji ikianguka pamoja na upepo, njia hupotea machoni. Msafiri huzunguka, huchoka, huketi apumzike kidogo, na usingizi wa baridi humchukua asiamke tena. Wakati mwingine theluji iliyolundikana mteremkoni huporomoka ghafula ikawazika watu. Kwa hiyo watawa walitoka kuwatafuta, na baadaye wakafuga mbwa wakubwa wenye pua kali. Mmoja wao, jina lake Barry, husemwa kwamba aliokoa watu zaidi ya 40. Mwili wake umehifadhiwa katika makumbusho ya mji wa Bern.

Mwezi wa Mei, mwaka 1800, alikuja mgeni wa namna nyingine. Napoleon Bonaparte, mtawala wa Ufaransa, alitaka kuwapiga Waaustria waliokuwa Italia, nao hawakudhani kwamba jeshi kubwa laweza kupita katika theluji ile. Askari wake walipata kama 40,000. Magari ya mizinga yalifunguliwa vipande vipande, na mizinga yenyewe ikalazwa ndani ya magogo yaliyochongwa kama mitumbwi. Watu kama 100 walivuta gogo moja kwa kamba. Walipofika juu, watawa waliwapa mkate, jibini na divai. Napoleon mwenyewe alipanda nyumbu, yaani mtoto wa punda na farasi, akiongozwa na mwenyeji. Mchoraji mmoja alimchora juu ya farasi mzuri aliyeinua miguu ya mbele. Picha hiyo yapendeza, lakini nyumbu ndiye aliyejua kupita pale.

Basi jeshi likateremka, likadhani taabu imekwisha. Kumbe, chini bondeni, mahali paitwapo Bard, njia hubanwa kati ya mto na jabali, na juu ya jabali palikuwa na ngome ya Waaustria kama 400 tu. Hao wachache waliwazuia wale maelfu. Askari wa miguu walizunguka kwa kijia cha mbuzi, lakini mizinga haikuweza. Ndipo usiku Wafaransa walipotandaza majani makavu na samadi barabarani, wakayafunga magurudumu kwa majani, wakavuta mizinga michache kimya kimya chini ya kuta za ngome. Iliyobaki ilikawia mpaka ngome ilipojitoa mwanzo wa Juni. Siku ya vita vya Marengo, tarehe 14 Juni, mizinga ya Napoleon ilikuwa michache kuliko ya adui, akawa karibu kushindwa, mpaka kikosi kingine kilipomfikia alasiri kumsaidia.

Mwaka 1964 ilifunguliwa njia ya magari iliyotobolewa ndani ya mlima, na sasa watu wengi hupita chini bila kuiona theluji ya juu. Mbwa hawatafuti tena waliopotea. Kazi hiyo hufanywa kwa helikopta. Lakini nyumba ya Bernardo iko bado, nayo hupokea wageni hata wakati wa baridi, barabara ya juu ikiwa imefungwa, nao hufika kwa miguu juu ya theluji.