Mtetezi na Mkalimani katika Wodi ya Afya ya Akili

Katika jimbo la California nchini Marekani, mtetezi wa haki za wagonjwa ni mtumishi anayewekwa kwa mujibu wa sheria katika kila kaunti ili asimame upande wa mtu anayepata huduma ya afya ya akili, hasa aliyelazwa bila hiari yake. Hatibu wala hashauri kuhusu tiba, bali huhakikisha kwamba mgonjwa anazijua haki zake na anaweza kuzidai.

Chimbuko la utaratibu unaomlinda mgonjwa huyo ni Sheria ya Lanterman-Petris-Short, inayobeba majina ya wabunge watatu walioiwasilisha, ambayo ilitiwa saini mwaka 1967 ili kukomesha desturi ya kumfungia mgonjwa hospitalini bila kikomo. Chini ya sheria hiyo, mtu anayeonekana kuwa hatari kwa nafsi yake au kwa wengine, au asiyeweza kujitunza kwa sababu ya maradhi, huweza kuzuiliwa kwa saa 72 akichunguzwa. Hospitali ikitaka kuendelea kumzuia kwa siku 14, hulazimika kueleza sababu zake katika kikao cha mapitio kinachofanyika ndani ya siku 4, isipokuwa mgonjwa amechagua kwenda mahakamani. Haki za kuvaa nguo zake, kupiga simu na kupokea wageni huweza kusitishwa kwa sababu maalumu, lakini haki ya kuonana na mtetezi haizuiliki.

Haki hiyo hupungua thamani pale mgonjwa anapozungumza Kihispania katika wodi inayoendeshwa kwa Kiingereza. Neno nervios, ambalo kwa asili ni mishipa ya fahamu, hutumiwa na wengi wa jamii za Amerika ya Kilatini kueleza hali nyingi, tangu majonzi ya msiba hadi ugonjwa mzito. Likifasiriwa kuwa wasiwasi tu, maradhi huenda yakapuuzwa, na likifasiriwa kuwa kichaa, mgonjwa huongezewa sababu ya kuzuiliwa.

Hata hivyo, mtetezi mwenye lugha mbili si mkalimani, kwa kuwa mkalimani hubeba maneno ya pande zote bila kuegemea popote, ilhali mtetezi ana upande. Daktari akimwomba afasiri mahojiano ya uchunguzi, ombi hilo huonekana dogo, lakini akilikubali, kinywa chake ndicho kitakachotoa maelezo yatakayotumiwa kikaoni dhidi ya mtu yuleyule anayemtetea. Kwa hiyo hudai aitwe mkalimani aliyefunzwa, wala haridhii kazi hiyo aachiwe mtoto wa mgonjwa, ambaye huenda akaficha kwa aibu yale yanayopaswa kusemwa.

Mgonjwa akitaka kurudi nyumbani, mtetezi hulijenga ombi hilo kwa nguvu zote, hata kama yeye binafsi anaona heri abaki. Kikao chaweza kuamua vinginevyo, lakini uamuzi huo huwa wa haki pale tu hoja iliyoshindwa ilipokuwa ya mgonjwa mwenyewe.