Vinasaba vya vimelea Pemba: kweli au si kweli?

Konokono akitoa vijidudu vya kichocho, watu wa hapo wako hatarini.
Si lazima. Kichocho cha mkojo Pemba husababishwa na Schistosoma haematobium, na konokono anayekibeba ni Bulinus globosus wa mabwawani na vijitoni. Ili kumpima, huwekwa kwenye maji safi mahali penye mwanga, kisha hutazamwa kama atatoa vijidudu vyenye mkia wa panda. Mwaka 2018 watafiti, wakiwemo wa Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri iliyoko Wawi, walichapisha kwamba baadhi ya vijidudu hivyo ni Schistosoma bovis, yaani kichocho cha ng'ombe. Kwa macho havitofautiani. Vinasaba ndivyo vilivyovitenganisha. Tofauti hiyo ni nzito katika kisiwa ambacho wananchi wamemeza prazikwanteli, dawa ya kichocho, miaka nenda miaka rudi. Ukihesabu vya ng'ombe kuwa vya watu, utasema dawa imeshindwa pale ilipofanikiwa.

Kipande kimoja cha DNA kinatosha kukitambua kimelea.
Si kweli, na hapa ndipo wengi huteleza. Kipande kinachosomwa zaidi ni cha mitokondria, ambacho hurithiwa kwa mama peke yake. Kimelea chotara kitaonyesha ukoo wa mama na kuficha wa baba. Machotara wa haematobium na bovis waliwahi kuambukiza watu waliooga mtoni huko Corsica, Ufaransa. Kwa hiyo lazima kisomwe pia kipande cha DNA ya kiini cha seli.

Mashine ya kusoma vinasaba ndiyo inayotaja jina la kimelea.
Si kweli. Mashine hutoa herufi tu: A, C, G na T. Jina hupatikana kwa kuzilinganisha na hazina ya vinasaba kama GenBank, ambamo zimo pia rekodi zilizoandikwa jina lisilo lake. Na kila kundi la sampuli liende na kichupa cha maji matupu, tangu hatua ya kwanza hadi ya mwisho. Kichupa hicho kikionyesha DNA ya kimelea, sampuli zimechafuliwa na kazi irudiwe, hata kama pesa zimekwisha.

Mayai yakifanana, minyoo ni wale wale.
Si kweli. Dawa za albendazoli pamoja na ivermektini zilijaribiwa dhidi ya minyoo mjeledi Pemba, Laos na Côte d'Ivoire. Pemba na Laos zilifanya kazi vizuri kuliko albendazoli peke yake. Côte d'Ivoire hazikuizidi. Vinasaba viliposomwa, ikaonekana minyoo wa Côte d'Ivoire, ingawa mayai yao yanafanana na ya wengine, ni spishi nyingine, sasa inaitwa Trichuris incognita, iliyo karibu zaidi na mnyoo mjeledi wa nguruwe.

DNA ikionekana, mnyoo yu hai.
Si lazima. Mabaki yake huweza kuonekana hata baada ya tiba.

Mzazi akikubali mkojo wa mwanawe upimwe, amekubali yote.
Si kweli kabisa. Kuihifadhi sampuli, kuisafirisha nje na kuisoma kwa utafiti mwingine ni mambo ya kuulizwa wazi, kwa Kiswahili anachokielewa.

Darubini haihitajiki tena.
Si kweli. Mkojo wa mililita 10 ukichujwa, mayai huhesabiwa moja moja kwa darubini. Yakifika 50, maambukizi ni makali. Jina la kimelea halisemi mtoto ameathirika kiasi gani.