Ilula: Mji mdogo wa nyanya na hesabu ya tenga

MSAFIRI anayetoka Morogoro kwenda Iringa akishamaliza kona za mlima Kitonga hupokewa na hewa ya ubaridi. Hupita Ikokoto, na baada ya muda mfupi anaingia Ilula. Msimu unapokuwa umechanganya, haulizi amefika wapi. Matenga ya mbao yaliyopangwa kandokando ya barabara, malori yanayopakia na akina mama wenye ndoo za nyanya na vitunguu hujibu kabla hajauliza.

Ilula ni mji mdogo ulio umbali wa kilomita 45 hivi kutoka Manispaa ya Iringa, katika Wilaya ya Kilolo, wilaya iliyomegwa kutoka Iringa Vijijini mwaka 2002. Mji huu haukukuzwa na ofisi za serikali wala mgodi. Umekuzwa na barabara kuu ya kwenda Zambia pamoja na nyanya.

Barabara hiyo ndiyo mtaji wa kwanza. Malori yanayorudi Dar es Salaam kutoka Mbeya na Tunduma hupita mlangoni kwa mkulima, na mfanyabiashara anayepata lori lenye nafasi husafirisha mzigo kwa nauli nafuu kuliko anayelazimika kukodi gari kwenda na kurudi. Nyanya iliyochumwa asubuhi Ilula inaweza kuwa katika masoko ya Ilala au Buguruni alfajiri ya kesho yake. Nyingine hupelekwa Iringa mjini, ambako wachuuzi wa masoko kama Mlandege huziuza kwa mafungu na kwa sado.

Mtaji wa pili ni hali ya nchi. Mvua za Nyanda za Juu Kusini hunyesha msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Zikikatika, mkulima huhamia mabondeni, kwenye mashamba ya unyevu ambayo wenyeji huyaita vinyungu, au humwagilia kwa maji ya vijito. Hivyo nyanya hulimwa masika na kiangazi.

Kilimo hicho hakimlishi mkulima peke yake. Fundi anayegonga matenga, kibarua wa kuchuma, mpakiaji, dalali, mama lishe, muuza pembejeo na mwenye bodaboda wote wanategemea tunda lile lile. Bei ya nyanya ikianguka, hata muuza chapati huona.

Tenga lina kilo ngapi?

Tatizo la siku nyingi katika biashara hii ni kipimo. Nyanya zimezoeleka kuuzwa kwa tenga, na matenga hayalingani. Fundi akiongeza ubao mmoja, tenga linakua lakini bei inabaki pale pale. Likijazwa hadi likatoa kilima juu, hiyo ni lumbesa, kama ile ya magunia ya viazi na vitunguu.

Tuchukue mfano wa kukokotoa. Tenga la kilo 40 linauzwa Sh10,000, yaani kila kilo Sh250. Mnunuzi akija na tenga kubwa linalobeba kilo 50 na kulipa Sh10,000 zile zile, kilo imeshuka hadi Sh200. Mkulima aliyeuza matenga 100 ametoa kilo 1,000 bure. Kwa bei ya awali hizo ni Sh250,000, fedha ambazo zingenunua mbegu na dawa za msimu unaofuata.

Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, ipo, na Wakala wa Vipimo ulioanzishwa mwaka 2002 ndio unaohakiki mizani za biashara na kuzigonga muhuri. Lakini mkulima mwenye nyanya zilizoiva hana subira ya kubishana. Nyanya haihifadhiki ghalani kama mahindi. Asipouza leo, keshokutwa anazimwaga, na mnunuzi analijua hilo.

Kantangaze alivyobadili hesabu

Mwaka 2014 mdudu aitwaye kisayansi Tuta absoluta alithibitika kuingia Tanzania, na wakulima wakambatiza jina la kantangaze. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Kiwavi wake huchimba ndani ya jani, kisha hutoboa tunda, na kwa kuwa amejificha ndani, dawa ya kunyunyizia juu juu haimfikii kwa urahisi. Gharama za kupiga dawa zikapanda, na waliotumia dawa ya aina moja mfululizo wakamfanya mdudu awe sugu.

Kinachosaidia ni kazi ya pamoja: kung'oa na kufukia masalia mara baada ya mavuno, kupumzisha shamba kwa mahindi au maharage badala ya kurudia nyanya, bilinganya au viazi mviringo, kutega mitego yenye harufu ya kuwavuta madume, na kubadilisha aina za dawa. Mkulima mmoja akifanya hivyo na jirani yake akaacha masalia shambani, kantangaze huvuka mpaka.

Parma nayo ilianza na bwana shamba

Hali hii si ya Ilula peke yake. Kaskazini mwa Italia, kilomita kama 10 kutoka jiji la Parma, kuna manispaa ndogo iitwayo Collecchio. Eneo hilo limejengwa juu ya nyanya na maziwa, na katika eneo la Giarola kuna hata jumba la makumbusho ya nyanya.

Katika nusu ya pili ya karne ya 19, mtaalamu wa kilimo Carlo Rognoni aliwahimiza wakulima wa Parma kuingiza nyanya katika mzunguko wa mazao. Wakati huo rojo la nyanya lilichemshwa na kuanikwa hadi likawa mikate myeusi iliyohifadhika miezi mingi. Baadaye mtaalamu mwingine, Antonio Bizzozero, aliongoza huduma ya ugani iliyowafuata wakulima vijijini. Mwaka 1922 Parma ikapata kituo cha utafiti wa usindikaji wa vyakula. Elimu ya shambani na usindikaji vilikua pamoja.

Leo Italia husindika karibu tani milioni 5 za nyanya kwa mwaka. Katika eneo la kaskazini, vyama vya wakulima na wenye viwanda hujadiliana bei na masharti ya msimu. Nyanya hupimwa kwa kilo, na kiasi cha sukari na yabisi ndani yake huongeza au kupunguza malipo.

Collecchio ina somo chungu pia. Kampuni kubwa ya maziwa ya Parmalat, yenye makao yake hapo, iliporomoka Desemba 2003 kwa madeni yaliyokuwa yamefichwa, na wafugaji waliokuwa wakiiuzia maziwa wakabaki wanadai. Mji unaotegemea mnunuzi mmoja hulala na wasiwasi.

Kiwanda pekee hakitoshi

Iringa si ngeni kwa usindikaji. Jina la Dabaga linafahamika kwenye chupa za tomato sosi, na kampuni ya Darsh ilijenga kiwanda cha nyanya Ikokoto, jirani na Ilula. Hata hivyo, mkulima aelewe hesabu ya kiwanda. Kilo moja ya rojo zito hutengenezwa kwa kilo 5 hadi 6 za nyanya mbichi, hivyo kiwanda hakiwezi kulipa bei ya sokoni wakati nyanya ni adimu. Faida yake ni kuwa sakafu ya bei wakati zimefurika. Mkulima anayevunja mkataba bei ya sokoni inapopanda asishangae kukosa mnunuzi inapoanguka.

Yapo mambo ambayo wakulima wa Ilula wanaweza kuyaanza bila kusubiri mfadhili. Kikundi kinaweza kuchanga na kununua mizani moja iliyohakikiwa, kikauza kwa kilo. Wanachama wanaweza kupanda kwa zamu za wiki mbili mbili ili nyanya zisiive siku moja. Mkataba wowote uandikwe, utaje kilo, bei, daraja la nyanya na siku ya malipo. Na kabla ya kuchuma, simu ipigwe katika masoko mawili au matatu kuulizia bei, badala ya kusubiri ya dalali peke yake.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Mkulima wa nyanya anachotakiwa kujua kabla ya kupokea fedha ni kibaba hicho kina kilo ngapi.