Ku- yetu moja, njia mbili za Kiingereza

Mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha pili aliandika insha kuhusu mwaka ambao nyumbani kwao kulitulia. Katikati ya ukurasa palikuwa na sentensi hii: "My father stopped to drink." Alitaka kusema kwamba baba yake ameacha pombe. Kiingereza alichoandika kinasema jambo jingine kabisa, kwamba baba alikuwa njiani, akasimama ili anywe. Nilipiga mstari mwekundu chini ya "to drink", nikaandika "drinking" juu yake, nikamrudishia daftari. Baada ya kipindi akaja mezani kwangu.

"Shikamoo, mwalimu. Samahani, hapa nimekosa nini? Kwani kunywa si ni kunywa?"

Nilimjibu kwamba ndivyo Kiingereza kilivyo, akaenda zake. Swali lile lilistahili jibu bora, na ndilo ninalojaribu kulitoa hapa.

Kwetu sisi, kunywa ni kunywa kweli. Kiambishi ku- kimebebeshwa kazi mbili na kinazimudu zote. Katika "nataka kusoma" kimefuata kitenzi kingine. Katika "kusoma kwake kunanifurahisha" kimegeuka nomino kamili yenye ngeli yake, inayovuta upatanisho wa kw- na ku-. Nataka kusoma, nafurahia kusoma, nimemaliza kusoma: umbo halibadiliki. Mwingereza hapo ana maumbo mawili, na kitenzi kinachotangulia ndicho kinachoamua. "I want to read," lakini "I enjoy reading" na "I have finished reading". Kwa hiyo mtoto anayeandika "I enjoy to read" si mvivu. Ameifuata sarufi ya lugha yake bila kosa, akaipeleka mahali isikofanya kazi.

Maumbo hayo mawili yana asili tofauti, na asili hiyo inasaidia kuyaelewa. Katika Kiingereza cha kale, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, kitenzi kilikuwa na kiishio chake: "singan" ilikuwa kuimba. "To" ilikuwa kihusishi cha kuelekea mahali, ile ile tunayoiona katika "to Mombasa". Ilipowekwa mbele ya kitenzi, kama katika "to singenne", ilimwonyesha mtu anayeelekea kwenye tendo. Umbo la -ing lina ukoo mwingine. Lilizaliwa likiwa la kuunda nomino. "Leornung" lilikuwa jina la kujifunza, nalo ndilo babu wa "learning" ya leo. Moja lilianza kama njia ya kwenda kwenye tendo, jingine kama jina la tendo lenyewe.

Mwaka 1968 mwanaisimu wa Marekani, Dwight Bolinger, alieleza tofauti hiyo ilivyo katika Kiingereza cha sasa. Umbo la "to" huelekea kubeba jambo linalowazwa au kutarajiwa, na -ing hubeba jambo linalochukuliwa kuwa lipo. Naliona hili kuwa ufunguo bora kuliko orodha ndefu tulizokaririshwa shuleni. "Want", "hope", "decide", "promise", "plan" na "refuse" zote huchukua "to", kwa sababu mtu yuko huku na tendo liko kule mbele, awe analiendea au analikataa. "Enjoy", "finish", "admit" na "deny" huchukua -ing. Huwezi kumaliza kula kabla hujaanza kula.

Turudi kwa yule baba. "He stopped drinking": kunywa kulikuwapo, na ndiko kulikokoma. "He stopped to drink": kilichokoma ni kitu kingine, labda mwendo, na kunywa bado kuko mbele. Kiswahili nacho kinaijua tofauti hii, ila kimeiweka kwingine. Ya kwanza tunasema aliacha kunywa. Ya pili tunasema alisimama anywe, au alisimama ili anywe. Kitenzi cha mwanzo kimebadilika, na cha pili kimevaa -e. Basi kwa "stop" kipimo ni hiki: ikiwa Kiswahili chako kinakubali "ili", tumia "to". Ikiwa unachosema ni "kuacha", tumia -ing. Jambo hili si dogo. Mgonjwa anayemwambia daktari mgeni "I stopped to take the tablets" anaweza kueleweka kwamba alikatiza shughuli zake ili ameze vidonge, wakati ukweli ni kwamba ameviacha kwa wiki mbili.

"Remember" inafuata njia hiyo hiyo. Anayesema "I remember locking the door" bado anauona ufunguo ukigeuka mkononi mwake, maana kufunga kulitangulia na kumbukumbu ikafuata. Anayesema "I remembered to lock the door" alikumbuka kwanza, kisha akafunga. Angalia tunavyozitamka sisi: "nakumbuka nilifunga mlango" kwa ile ya kwanza, "nilikumbuka kufunga mlango" kwa ile ya pili. Ukijikuta umetia wakati uliopita ndani ya kitenzi cha pili, hapo Kiingereza kinataka -ing. "Forget" na "regret" ni ndugu zake. "I regret telling him" ni majuto ya neno lililokwisha kutoka kinywani. "We regret to inform you" ni ya barua ambayo habari yake mbaya inakuja mstari unaofuata.

Kwenye "try" Kiswahili hakitupi msaada mwingi, kwa kuwa "jaribu kufungua dirisha" inabeba yote mawili. "Try to open the window" ni ya dirisha lililokwama, unaambiwa ujitahidi. "Try opening the window" ni ya chumba chenye joto. Dirisha linafunguka bila taabu, na kinachojaribiwa ni kama hewa itakusaidia. Hii ya pili ndiyo "hebu fungua dirisha uone".

Vipo vitenzi ambavyo ufunguo wa Bolinger hauvifungui kwa urahisi. "Suggest", "postpone" na "consider" hutazama mbele, ila huchukua -ing. "Manage" huzungumzia jambo lililokwisha kufanikiwa, ila huchukua "to". Nimesoma maelezo ya kuvitetea, mengine ya kuvutia, lakini mbele ya karatasi ya mtihani hayamfai mtu. Hivi vikaririwe. "Suggest" iangaliwe zaidi, kwa kuwa "alipendekeza niende" yetu hutuvuta tuandike "he suggested me to go", na Kiingereza hakina sentensi hiyo. Kinasema "he suggested that I go", au "he suggested going". "Start", "begin" na "continue" hupokea maumbo yote mawili, wala hazihitaji kumnyima mtu usingizi.

Mtego ninaokutana nao zaidi kwenye barua za kuomba kazi ni "I look forward to hear from you". Mwandishi ameona "to", akaweka kitenzi kitupu. Lakini "to" hii ni kile kihusishi cha kale cha kuelekea, na kihusishi hutaka nomino. Jaribu kuweka nomino mahali pa kitenzi. "I look forward to your reply" inasimama vizuri, kwa hiyo kitenzi kivae -ing: "to hearing from you". "I want to your reply" inaanguka, kwa hiyo "want" ibaki na kitenzi chake kama kilivyo. Kipimo hicho hicho kinatenganisha "I am used to waking up early", nimezoea kuamka mapema, na "I used to wake up early", zamani nilikuwa naamka mapema.

A. S. Hornby aliielewa shida hii akiwafundisha Kiingereza Wajapani. Kamusi aliyoitunga na wenzake ilichapishwa Tokyo mwaka 1942, kisha Oxford wakaitoa mwaka 1948. Ndiyo iliyokuja kuwa Oxford Advanced Learner's Dictionary, na tangu mwanzo ilionyesha kila kitenzi kinafuatwa na nini. Wengi wetu huifungua kutafuta maana, tukaifunga kabla ya kuusoma mfano. Mgeni anayejifunza Kiswahili humwachi akariri "mti" peke yake. Unamtaka akariri mti na miti, u- na i-. Wanafunzi wangu siku hizi hawaandiki "enjoy" tupu kwenye madaftari yao. Wanaandika "enjoy reading", wanaandika "promise to pay", na "stop" wanaipa mistari miwili, mmoja wa baba aliyeacha pombe, mwingine wa dereva wa lori aliyesimama kando ya barabara anywe maji.