Macho Mekundu na Mwaka wa Njaa

Usukumani, bikizee anayeitwa mchawi husimuliwa kwa sifa zilezile: mjane, mkimya, hana mazoea na majirani, macho mekundu. Aliletwa na ndoa, na mumewe akishafariki hubaki mgeni kwenye ukoo wa watu. Tukisikia hivyo twaamini ametengwa kwa sababu ya vituko vyake. Nadhani tumeanzia mwisho: balaa hutangulia, vituko vikatafutwa baadaye. Chukua hayo macho. Miti ikiadimika, mafiga huchochewa kwa mabua na kinyesi kikavu cha ng'ombe, ndani ya kibanda kisichopitisha hewa. Moshi huo wa miaka na miaka haumchagui mchawi. Humwumiza kila mpishi, akiwemo mama mzazi wa anayemnyooshea mwenzake kidole. Alama waliyo nayo wengi namna hiyo haimtambulishi mtu yeyote, mpaka ahitajike wa kulaumiwa.

Huhitajika lini? Mchumi Edward Miguel, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005 kuhusu vijiji vya Wilaya ya Meatu, hukohuko Usukumani, alilinganisha mauaji ya wanaotuhumiwa uchawi na hali ya mvua. Miaka ya ukame au mafuriko, mauaji hayo yalikuwa takriban maradufu. Mauaji ya aina nyingine hayakuongezeka. Waliouawa karibu wote walikuwa wanawake, wengi wao wazee, na aghalabu mkono wa ndugu ulihusika. Kuna atakayesema watu wanauamini uchawi kwa dhati, si kisingizio. Sikatai. Lakini imani hiyo ipo hata mwaka wa neema. Tena, ingekuwa ndiyo chanzo pekee, basi magonjwa ya mlipuko nayo yangeongeza mauaji, maana maradhi ndiyo husingiziwa uchawi kila siku. Utafiti uleule haukuona hivyo. Linalobadilika ni ghala. Likikauka, anayekula bila kulima huanza kuhesabiwa, na ramli chonganishi humalizia kazi.

Ndiyo maana Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, inayokataza hata kumtaja mtu kuwa mchawi, haijatosha: inashika ulimi, haigusi ghala. Miguel alipendekeza pensheni ya wazee, na Zanzibar, kwa sababu zake nyingine, imekuwa ikiwalipa wenye miaka 70 na zaidi tangu mwaka 2016. Wapo wanaohofia kwamba fedha hizo zitazua wivu. Huenda, lakini mkwe atafikiri mara mbili kabla ya kumfukuza anayenunua chumvi na sabuni ya nyumba nzima.