Kivumbasi Uani, Chandarua Kitandani

Mwezi huu tuutazame mmea ambao wengi wetu huukanyaga njiani bila kuujali: kivumbasi. Ni ndugu wa mrehani, na pia wa oregano, yale majani makavu ambayo vijana wetu wa hotelini huyanyunyiza juu ya piza.

Hapa Uroa ardhi ni mawe matupu, udongo haba, na upepo wa kusi huleta chumvi ya bahari. Basi tusihangaike kuchimba. Tutafute kopo kubwa au sufuria iliyochakaa, tuitoboe chini ili maji yasituame, tujaze udongo uliochanganywa na samadi ya mbuzi iliyooza. Mbegu ni ndogo mno. Zifunikwe kwa mchanga kidogo tu. Huchipua baada ya wiki moja hivi. Kopo likae penye jua, nyuma ya ukuta unaokinga kusi, tena juu ya kitu, maana kuku hawana haya. Maji ya kisima yenye chumvi hudhoofisha mche. Afadhali ya mvua, au yale tuliyooshea mchele. Maua yakianza tukate ncha, majani yazidi.

Jioni, majani yakichomwa juu ya makaa hupunguza mbu. Tunasema hupunguza. Mbu wa malaria huendelea kuuma usiku, moshi ukiwa umekwisha zamani, kwa hiyo chandarua chenye dawa kisikose. Na moshi usifukizwe chumbani mwa mtoto mchanga. Kifua chake hakiuwezi.

Lipo jambo linalotutia hofu zaidi. Wako wazazi wanaomwogesha mtoto mwenye homa kwa maji ya kivumbasi, kisha wakangoja kesho na keshokutwa. Harufu ni nzuri, lakini haiui vijidudu vya malaria. Ugonjwa huu ulipungua sana Zanzibar baada ya dawa mseto kuanza kutumika mwaka 2003 na vyandarua kuenea, hata wazazi vijana hawaujui vizuri. Lakini mwishoni mwa 2023 wagonjwa waliongezeka tena. Mtoto akipata homa apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, apimwe damu. Akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege au asipoamshika, tuondoke naye mara moja, hata kama ni usiku wa manane. Na familia zilizotoka likizo ya Noeli bara zimweleze mhudumu kwamba mtoto alisafiri.