Bega la Mwogeleaji na Wingi wa Mazoezi
Bega linapomuuma mwogeleaji wa mashindano, aghalabu lawama hutupiwa namna anavyopiga maji. Lawama hiyo haitoshi. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2010 kuhusu waogeleaji hodari 80 nchini Australia, wenye umri wa miaka 13 (mtoto wa shule!) hadi 25, ulibainisha kuwa asilimia 91 walipatwa na maumivu ya bega. Aidha, walioogelea zaidi ya kilomita 35 kwa wiki walikuwa na uwezekano mara nne zaidi wa kupatikana na ukano uliodhurika. Ukano huo, ambao husaidia kuinua mkono, hunenepa kadiri mazoezi yanavyokithiri miaka nenda miaka rudi. Hivyo basi, kocha anayesahihisha mtindo bila kupunguza umbali hajakigusa kiini cha maumivu.